Mgeni wako akija Toronto, mpeleke majini kwanza

Kila mgeni anayetoka nyumbani kuja kwangu anauliza mnara. Mizigo haijafunguliwa, yeye tayari ameuona kwa mbali tukiwa kwenye treni ya kutoka uwanja wa ndege, anataka kujua tunapanda lini. Simlaumu. CN Tower una mita 553. Ulifunguliwa mwaka 1976 na shirika la reli la Kanada, na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna jengo wala mnara duniani uliosimama bila kushikiliwa na nyaya ukauzidi.

Mama yangu alikuja mara ya kwanza mwezi Oktoba. Tiketi nilikuwa nimeshazinunua wiki mbili kabla. Siku ilipofika, wingu lilikuwa limeukalia mji. Tulipanda hivyo hivyo, lifti ikafunguka, tukakuta weupe mtupu kila upande. Mama alizunguka dirisha moja hadi jingine akitafuta upande wa nyumba yangu, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha. Iliniuma sana. Tangu hapo nina sharti moja: tiketi ya mnara nainunua asubuhi ya siku yenyewe, baada ya kutoka nje na kutazama juu. Kama kile kichwa cha mnara hakionekani kutoka barabarani, na wewe ukiwa juu huwezi kuiona barabara. Siku ikiwa angavu, nenda, na usiogope kukanyaga ile sakafu ya kioo iliyo mita 342 kutoka ardhini.

Lakini ukiniuliza mimi pa kuanzia, nitakwambia visiwani, vile Toronto Islands vilivyo Ziwa Ontario, mbele ya mji. Teremka Bay Street mpaka mwisho, kwenye kituo cha Jack Layton, upande pantoni. Aliyewahi kuvuka kwenda Kigamboni atajisikia nyumbani: watoto, baiskeli, watu wenye vikapu vya chakula, wote wanasubiri geti lifunguliwe. Safari ni kama robo saa tu. Nauli unalipa upande wa mjini, na kurudi imo humo humo. Panda ghorofa ya juu, nenda nyuma ya chombo, kisha geuka utazame mji ukiondoka. Majengo yote uliyokuwa unainua shingo kuyaona yanajipanga mbele yako, mnara katikati, maji chini. Hiyo ndiyo picha ya Toronto, na gharama yake haifiki hata robo ya tiketi ya mnarani.

Kiangazi kuna vyombo vya kwenda sehemu tatu. Centre Island ina michezo ya watoto na ndiyo yenye watu wengi. Mimi napenda Ward's Island, penye nyumba ndogo za mbao za wakazi na vijia visivyo na magari. Zamani visiwa hivi vilikuwa rasi iliyoungana na bara, mpaka dhoruba ya mwaka 1858 ilipoikata. Ukiwa na miguu ya kutembea, fika mpaka mnara wa taa wa Gibraltar Point wa mwaka 1808. Jumamosi na Jumapili za Julai foleni ya pantoni ni ndefu mno, kwa hiyo nunua tiketi kwa simu ukiwa nyumbani na utoke asubuhi.

Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili tunapangiwa siku na majira huku. Mwezi Juni jua linazama saa tatu usiku. Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mgeni wa Desemba usimpangie zaidi ya mambo mawili kwa siku, na moja liwe ndani ya jengo.

Kwa ndani, chaguo langu la kwanza ni Jumba la Makumbusho la Aga Khan, lililoko Wynford Drive. Lilifunguliwa mwaka 2014. Lina vyombo vya udongo, mazulia na maandiko ya kale ya ulimwengu wa Kiislamu, na katika hazina yake imo nakala ya mkono ya Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina, iliyoandikwa mwaka 1052. Mama hakuwa na haraka na vyombo. Tulikuwa tunaongea mbele ya kabati moja, bibi mmoja aliyejifunga ushungi mwepesi akageuka: "Jamani, nimesikia Kiswahili! Mimi wa Mwanza." Nikamwamkia, akaitikia marahaba kana kwamba hajawahi kuondoka. Waismaili wengi wa Uganda, Kenya na Tanzania walihamia Kanada miaka ya 1970, maelfu yao baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972. Wale wazee wawili walikwenda kukaa bustanini, kando ya madimbwi, wakaongelea samaki wa Ziwa Victoria kwa saa nzima. Mimi nilikaa pembeni nikiwasikiliza, na hiyo ndiyo siku ya Toronto ambayo Mama anaisimulia mpaka leo.

Orodha nyingi za zamani zitakuelekeza pia kwenye Kituo cha Sayansi cha Ontario, si mbali na hapo. Jengo lile lilifungwa Juni 2024, usiwapandishe watoto basi bure. Wapeleke Royal Ontario Museum wakaone mifupa ya dinosari.

Kwa muziki, kama kuna onyesho unalolipenda Massey Hall, usisite. Ni ukumbi wa mwaka 1894, ulikarabatiwa ukafunguliwa tena mwaka 2021, na hata ukikaa roshani ya juu sauti inakufikia safi. Mpira wa kikapu uko Scotiabank Arena, unaingia moja kwa moja kutoka stesheni ya Union bila kukanyaga theluji. Raptors, timu ya mji huu, walitwaa ubingwa wa NBA mwaka 2019 chini ya rais wao wa wakati huo, Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, na kikosini alikuwemo Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Tiketi usinunue kwa mlanguzi wa njiani hata akikuonyesha nini kwenye simu yake. Mdogo wangu alifanya hivyo, akarudishwa mlangoni, na pesa haikurudi. Kumbuka pia kuwa bei unazoziona huku mara nyingi hazijajumuisha kodi ya asilimia 13.

Ukija wakati wa baridi na moyo umeanza kusinyaa, nenda Allan Gardens, katikati ya mji. Ni nyumba za vioo zilizojaa mimea ya nchi za joto, na kuingia ni bure. Nje theluji, ndani unavua koti, miwani inaingia ukungu, na unasimama chini ya mgomba. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naenda kila wiki.

Mwezi Julai kuna Afrofest, tamasha la muziki wa Afrika pale Woodbine Park. Kiingilio hakuna. Beba mkeka, maji ya kunywa na kitu cha kujifunika, maana jioni upepo wa ziwani unabadilika ghafla. Panda tramu, usihangaike kutafuta pa kuegesha gari. Mama alipokuja mara ya pili tulicheza mpaka miguu ikachoka, tukavuka barabara kwenda ufukweni. Akaingiza miguu majini, akachota kidogo kwa kiganja na kuonja. "Hayana chumvi," akasema, akacheka, akaendelea kwenda ndani mpaka maji yakamfika magotini.