Mahindi Yasiuzwe Yote Shambani: Ushauri kwa Wakulima wa Kijiji Kimoja

Nimelima mahindi kijijini miaka mingi, na jambo linaloniuma kuliko yote ni kumwona mkulima akiuza kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, kisha akayanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu kabla msimu mpya haujaiva. Hasara hiyo kila mtu anaijua. Lakini ada ya shule inadaiwa, deni la mbolea linadaiwa, na mahindi yakikaa ndani yanaliwa na mdudu aitwaye dumuzi. Kabla ya kumwambia jirani asubiri bei ipande, msaidie kwanza mahindi yake yasiharibike.

Dumuzi si fukusi tuliyemzoea. Asili yake ni Amerika ya Kati, na alipoingia Afrika alianza kuonekana Tanzania, mkoani Tabora. Hutoboa punje mpaka gunia linabaki na unga mtupu, na hata mbao za ghala hazimshindi. Ukiona vumbi jeupe chini ya magunia, usingoje kesho.

Kazi yote inaanzia kwenye kukausha. Anika juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo, na jioni uyafunike yasipigwe na umande. Punje ya kuhifadhi isizidi unyevu wa asilimia 13. Wengi hupima kwa kung'ata, na mimi siuamini sana ung'ataji huo. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia chumvi kavu kiasi cha robo, ongeza mahindi mpaka nusu, funga, utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: rudisha mahindi juani. Isipoganda, bado yape mahindi jua siku nyingine mbili kwa usalama.

Hapa sina mzaha, kwa sababu mahindi yasiyokauka huota ukungu unaoleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Punje zenye ukungu zichambue uzitupe. Kuku nao wasipewe.

Yakishakauka, tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Teknolojia hiyo ilianza na kunde huko Kameruni, kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Wadudu waliobaki ndani humaliza hewa wakafa, bila dawa yoyote. Jaza, shindilia, toa hewa, sokota mdomo wa kila mfuko uufunge peke yake. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, maana tundu moja la panya linaharibu kila kitu. Na usiufungue kila siku kwa ajili ya kibaba cha jioni; tenga mfuko mmoja wa kula.

Sasa ujirani. Turubai moja kubwa ikizunguka nyumba kadhaa kwa zamu, na watu wakapukuchua pamoja, hakuna anayelazimika kuuza mabichi kwa kuogopa mvua. Kwanza kila kaya itenge chakula chake; mimi hukadiria gunia la kilo 100 kwa mtu mzima kwa mwaka. Kisha uzeni sehemu ndogo ya kulipia madeni, iliyobaki iwekeni ghala moja yenye daftari linaloonyesha jina, idadi ya magunia na tarehe, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja.

Mnunuzi akija, mkutane naye kwa pamoja, tena kwa mizani. Akitaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, mwacheni aende. Mahindi makavu yaliyofungwa vizuri yanaweza kumngoja mwingine.