Kwa nini watangazaji wa vipindi vya watoto walikaa katikati ya skrini

Uliyeuliza kwa nini kwenye rekodi za zamani za BBC mtangazaji wa watoto amebanwa katikati: sababu ni mbili, na ni za nyakati tofauti.

Mwaka 1985 BBC ilianza kumweka mtangazaji kwenye kijichumba kidogo cha kurushia matangazo. Picha ilikuwa ya uwiano wa 4:3 (upana kwa kimo), karibu mraba, kwa hiyo uso mmoja na mdoli pembeni vilitosha kuijaza. Napenda sana ukaribu ule, mtoto alihisi anaongeleshwa yeye.

Skrini pana ya 16:9 ilipoingia, nyumba nyingi bado zilikuwa na televisheni za zamani. Ukiikata picha ya 16:9 iwe 4:3, unapoteza robo nzima ya upana. Ndiyo maana BBC iliwarushia watazamaji wa analogi picha ya 14:9, iliyo katikati ya hizo mbili, yenye mistari myembamba myeusi juu na chini, na maandishi na nyuso vikawekwa mbali na kingo. CBBC na CBeebies, chaneli za watoto za BBC zilizoanza Februari 2002, zilizaliwa katikati ya mpito huo.

Katuni za zamani za 4:3 zisinyooshwe kujaza skrini pana. Ziacheni na mistari yake myeusi pembeni!