"Bila mimi mngepumua"

SWALI: Anti shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 24, kazi ilimwishia mwaka jana. Siku hizi hali chakula na sisi, anasubiri tumalize ndo aje kukwangua sufuria. Juzi kaniambia "bila mimi mngepumua". Mama anasema anadeka tu. Nataka kumuuliza kama anafikiria kujiua ila naogopa nitamtia wazo kichwani. Kwani mtu anafikaje huko?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hadeki, na hiyo ya sufuria imenishtua kuliko hata maneno yake, kijana anayesubiri wenzake washibe kwanza ameshajipigia hesabu akajiona gharama.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, ambaye baba yake mwenyewe alijiua, alieleza kuanzia mwaka 2005 kwamba hamu ya kufa inakolea pale mtu anapojiona hana wa kwake na papo hapo anajiona mzigo kwa watu anaowapenda, halafu akishaona hali hiyo haitabadilika kabisa. Angalia neno "anajiona", nyie hamjawahi kumhesabia tonge lakini yeye kichwani anaona kuondoka kwake ni kuwasaidia, yaani upendo wenyewe umegeuzwa na maumivu. Joiner anasema pia hamu peke yake haitoshi, kuna ile hofu ya kifo inayomzuia mtu, na inapungua kwa aliyeumia sana au aliyewahi kujaribu, kwa hiyo kama alishajaribu zamani usichelewe hata siku moja.

Mwanasaikolojia mwingine, Edwin Shneidman, mateso ya mtu wa namna hii aliyaita maumivu ya nafsi, akasema wengi wanachotaka ni hayo maumivu yaishe. Daktari wa magonjwa ya akili, Aaron Beck, naye aliona kukata tamaa kunaashiria hatari kuliko hata huzuni yenyewe. Hakuna sababu moja, kukosa kazi tu hakuui mtu.

Kuuliza hakumtii mtu wazo, hilo limechunguzwa sana. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?", maana ukizungukazunguka na yeye atakujibu kwa kuzungukazunguka. Usimwambie "acha ujinga, una familia inayokupenda", msikilize mpaka amalize. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni karibu yake chochote anachoweza kujidhuru nacho, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akisema hapana, bado mtafutie mshauri nasaha, nenda naye.

Na jioni ya leo msipakue mpaka awe amekaa.