Maswali ya Wasomaji: Je, Deckard Ni Binadamu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu anayeishi Nakuru tumekosana kwa sababu ya filamu ya Blade Runner. Niliitazama katika kibanda cha video hapa Kondele, Kisumu, ambako dijei aliifasiri kwa Kiswahili huku akitutangazia mapema kwamba askari Deckard, anayewawinda watu waliotengenezwa kiwandani, naye pia ni mmoja wao. Kaka anasema huo ni uzushi wa dijei, kwani yeye aliitazama nyumbani mwanzo hadi mwisho bila kuona dalili ya jambo hilo. Nani mkweli?
Msomaji, Kondele

JIBU: Kabla sijaamua kesi, ningependa kujua kila mmoja wenu alitazama filamu ipi, kwa maana jina ni moja lakini matoleo ni mengi. Lile lililofika katika majumba ya sinema mwaka 1982 lina sauti ya Harrison Ford akisimulia, na linamalizika kwa Deckard na Rachael, mwanamke aliyetengenezwa kiwandani, kusafiri kwa gari wakiiacha Los Angeles nyuma. Toleo la 1992 liliondoa masimulizi na safari hiyo, kisha likaongeza kipande kifupi sana: Deckard ameketi kwenye piano, fahamu zinamtoka kidogo, na farasi mweupe mwenye pembe moja anapita mbio msituni. Toleo la 2007, ambalo mwongozaji Ridley Scott alilisimamia apendavyo, nalo lina farasi huyo. Nashuku kwamba kaka yako alipata la 1982.

Hoja yote ya dijei wenu inasimama juu ya farasi huyo. Mwishoni, Deckard na Rachael wanapotoroka nyumbani, kiatu cha Rachael kinagonga kitu kidogo sakafuni. Deckard anakiokota: ni kifarasi chenye pembe moja, kilichokunjwa kwa karatasi ya kung'aa na Gaff, yule askari mwenye mazoea ya kukunja vikaragosi. Anakitazama, anaitikia kwa kichwa, anakifinya na kuingia kwenye lifti. Kwa aliyetazama toleo la 1982, maana yake ni kwamba Gaff alifika, akamwona Rachael, akaamua kumwacha hai, basi. Lakini kwa aliyeiona ile ndoto, swali linakuwa zito: Gaff alijuaje kilichomo kichwani mwa mwenzake? Kumbuka kwamba awali Deckard alimsimulia Rachael habari ya buibui ambaye Rachael alikumbuka kumwona utotoni, kumbukumbu ambayo hakuwahi kumwambia mtu, na kwa njia hiyo akamthibitishia kwamba ilipandikizwa, kwa kuwa ilikuwa ya mpwa wa Tyrell, mwenye kiwanda. Sasa mkuki umemgeukia mwenyewe.

Wapinzani wa nadharia hii wana hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni kipigo. Wale watoro wa kiwandani anaowawinda wanamtesa: Leon anamrusha Deckard kama gunia, Pris nusura amnyonge kwa miguu, na Roy, kiongozi wao, anamvunja vidole viwili kama mtu anayevunja njiti. Ikiwa naye alitengenezwa, fundi wake alimpunja. Hata waliomtengeneza kwenye filamu hawakuafikiana: Scott amesema wazi kwamba Deckard si binadamu, ilhali Ford alibishana naye wakati wa kurekodi, akitaka watazamaji wapate angalau binadamu mmoja wa kuwa upande wake.

Mimi niko na Ford, ingawa ushahidi wa matoleo ya baadaye unanielemea. Roy, ambaye uhai wake uliwekewa mpaka wa miaka minne na sasa unakatika, anamshika mkono mtu aliyekuja kumuua na kumvuta juu ya paa mvua ikinyesha. Uzito wa tendo hilo ni kwamba aliyenyimwa utu anamwonea huruma mwenye utu. Mfanye Deckard pia kuwa wa kiwandani, na tukio linabaki la ndugu wawili tu.

SWALI: Mkuu wa polisi, Bryant, anasema watu wa kiwandani waliotoroka ni sita na mmoja ameuawa na umeme, lakini tunaonyeshwa wanne pekee. Je, wa tano ni Deckard?
Msomaji, Njoro, Nakuru

JIBU: Hapana. Mswada ulikuwa na mhusika wa tano, mwanamke aitwaye Mary, ambaye aliondolewa lakini hesabu ya Bryant ikasahaulika. Nadharia nyingi za mashabiki zimejengwa juu ya kosa hilo la kujumlisha. Katika toleo la 2007, sentensi ilirekebishwa ili waliouawa na umeme wawe wawili, kwa hiyo yule ndugu wa Nakuru anayebishana na wa Kondele anaweza kuanza na sikio lake: akisikia Bryant akisema mmoja, anatazama toleo la zamani.