Mwalimu wa Jiografia kuhamia GIS: inawezekana, mimi ni ushahidi

Wiki hii mwalimu mmoja wa Jiografia kutoka Kilosa ameniandikia. Amechoka na darasa, anataka kuhamia GIS, yaani kazi ya kuchora ramani na kuchambua taarifa za mahali kwa kompyuta, ila anahofia umri umemtupa mkono. Mwalimu mwenzangu, hujachelewa. Hata mimi nimetoka kwenye chaki.

Nilipoaga, mkuu wangu wa shule aliniuliza mbele ya wenzangu: "Unaacha mshahara wa serikali ukachore ramani?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Sifichi, bado inaniuma. Wasichojua ni kwamba usiku, watoto wakishalala, nilikuwa nimeshapakua QGIS, programu ya bure, na nilikuwa nimeshalipwa kazi ya kwanza.

Kilichonifungulia mlango hakikuwa cheti. Mradi mmoja wa maji ulikuwa na orodha ya visima vya vijijini, lakini kwenye kompyuta visima vyote vilikuwa vimesogea upande mmoja, vingine vimeangukia mtoni. Vijana wenye shahada wakalaumu GPS. Mimi nilifundisha miaka mingi kusoma ramani za 1:50,000, zile za zamani zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwa namba. GPS inatumia mfumo mwingine, WGS 84, na huku kwetu mifumo hiyo inapishana karibu mita 300. Nikaiambia programu kwamba koordineti zile, yaani namba za mahali pa visima, zilisomwa kwenye ramani ya zamani, kila kisima kikarudi kijijini kwake. Mwezi uliopita wameniongezea mkataba, na ramani yangu imebandikwa ofisini kwa mhandisi. Najivunia sana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na mnachokijua. Nesi aanze na zahanati, bwana shamba na mashamba. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za maeneo yanayofurika, ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo walipita mitaa inayofurika pamoja na wakazi, kwa sababu mkazi ndiye anayejua maji hupita wapi. Kazi yao iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia mtandaoni, na picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo kila pikseli (nukta ya picha) ni mita 10 ardhini, ni za bure pia. Acheni kusubiri ufadhili! Jifunzeni kila siku, na narudia, anzeni na mnachokijua.

Wewe mwalimu wa Kilosa, barua ya kuacha kazi isubiri kwanza. Chora kata yako: shule, visima, na sehemu Mto Mkondoa unapofurika. Ukimaliza nitumie, nitaikagua mwenyewe.