Kanuni za kazi kwenye biashara ndogo: anzia kwenye shoti

Mwenye mgahawa au duka akiniomba nimsaidie kuandika kanuni za kazi, huwa namuuliza kwanza: shoti ikitokea mnafanyaje? Hapa Tanga nimekaa na wenye biashara wengi, wa Ngamiani na wa Chumbageni, na ugomvi mwingi unaanzia hapo, hesabu inapofungwa usiku na fedha ya droo haitimii.

Mgahawa mmoja ulikuwa na droo moja na wahudumu watatu, kila mmoja akijichukulia chenji mwenyewe. Ikikosekana elfu kumi na tano, tajiri anaigawa kwa watatu na kuwakata mwisho wa mwezi. Dada mmoja akaniambia, "Kaka, siku ile mimi nilitoka saa nane mchana, mbona na mimi nakatwa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Hapakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha nani alimkabidhi nani kiasi gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu tajiri kukata hasara anavyotaka. Lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la huyo anayekatwa. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kugawana shoti sawa kwa sawa hakupiti hapo. Tukaandika hivi: anayeingia zamu anahesabu droo mbele ya anayetoka, wote wawili wanasaini daftari. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko kurasa nzima za "mfanyakazi awe mwaminifu".

Tafadhali usinakili kanuni za watu kwenye intaneti. Niliwahi kuletewa kitabu kizuri kabisa, kimepigwa chapa na jalada gumu, ndani kinasema likizo ya mwaka ni siku 21. Hiyo ni sheria ya Kenya! Kwetu ni siku 28 mfululizo, wikiendi zikiwemo. Ugonjwa nao una hesabu yake: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili, zinazobaki kwa nusu, na mfanyakazi alete cheti cha daktari. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo zinalipwa mara moja na nusu.

Halafu andika mambo ya kwako. Migahawa mingi ya hapa hubadilisha saa mwezi wa Ramadhani: mchana jiko limelala, kazi inaanza alasiri na kwenda hadi usiku. Nani anabaki kufunga? Wadada wanarudije Makorora saa tano usiku, na nauli inatoka wapi? Yaandikeni kabla mwezi haujaandama. Nimeona watu wazuri wakiacha kazi kwa sababu ya jambo hili tu.

Kiwango cha mshahara usikiweke ndani ya kanuni. Kima cha chini hubadilishwa kwa amri ya serikali, kama ilivyokuwa Januari 2023, na kitabu chako kitapitwa. Andika kwamba mshahara hautapungua kima kilichopo, kiasi chenyewe kikae kwenye mkataba wa kila mtu.

Mimi hushauri kanuni zipitiwe kila mwaka, biashara ikiwa imepoa. Ila mabadiliko yanayogusa masharti ya ajira hayabandikwi tu ukutani. Unakaa na mfanyakazi, mnajadiliana, kisha unampa taarifa kwa maandishi. Asiyesoma vizuri asomewe na aelezwe mpaka aelewe. Sheria inakudai hilo, na hata isingedai, huwezi kumsainisha mtu kitu asichokijua. Kila mmoja abaki na nakala yake. Ya kwako itunze pamoja na mkataba, kwa sababu maelezo ya ajira unatakiwa kuyahifadhi miaka 5 baada ya mtu kuacha kazi.