Barua kwa mwanangu: nyota, na maji ya visima vyetu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Nyumbani sote tu wazima. Kifua cha bibi yako kimetulia tangu ule upepo wa vumbi upungue, na anakusalimia sana.

Ujumbe wako niliusoma mchana, nikaurudia usiku watu walipolala. Umeniambia nafasi ya masomo Afrika Kusini imepatikana, kwamba utasomea hisabati ya kuchambua data za darubini za redio, na kwamba badala ya kufurahi moyo umekuwa mzito. Ukauliza: "Mama, si ubinafsi mtu wa kwetu kwenda kusoma nyota wakati watu wa Bahi na Singida wanakunywa maji ya chumvi na fluoridi? Si bora niachane nayo nikasomee afya ya mazingira?" Mjomba wako naye ameniuliza hilo hilo kwa maneno makali zaidi. Yeye nitamjibu tukikutana. Wewe nakujibu hapa.

Nenda. Si ubinafsi. Ila nataka uelewe kwa nini nasema hivyo, kwa sababu sababu ninayosikia watu wakiitoa, kwamba sayansi yote ina faida siku moja, hainitoshi hata mimi.

Unajua kazi niliyoifanya hadi kustaafu, ya kupima maji maabara. Asubuhi, kabla hatujagusa chupa ya maji ya kijiji chochote, tulikuwa tunaandaa miyeyusho ambayo kiasi cha madini ndani yake tunakijua: wa kwanza hafifu, unaofuata mkali kidogo, na kuendelea. Tunaipitisha kwenye mashine mmoja mmoja, halafu tunaweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Nukta hizo kwa haki zingekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hazikai. Hii imepanda kidogo, ile imeshuka, kwa sababu mkono wa binadamu na mashine yake havikosi kupotoka. Sasa mstari upite wapi? Ukiuchora kwa kukisia, kila fundi atakuwa na mstari wake, na maji ya kisima kimoja yatapewa majibu tofauti kutegemea nani alikuwa zamu.

Tulifundishwa kuchagua mstari ambao, ukipima umbali wa kila nukta kutoka kwake, ukauzidisha umbali huo kwa wenyewe, kisha ukajumlisha vyote, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Njia hiyo ilichapishwa mara ya kwanza na Mfaransa Legendre mwaka 1805, katika kiambatisho cha kitabu chake kuhusu njia za nyota zenye mkia. Gauss wa Ujerumani alisema yeye alikuwa ameanza kuitumia kabla, na huyo Gauss ndiye aliyekuwa maarufu tayari kwa ajili ya sayari kibete Ceres. Tarehe 1 Januari 1801, mtazama nyota Piazzi aliona kule Palermo kitu kipya angani, akakifuatilia hadi Februari, kisha kikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Wataalamu wakahangaika wasijue kitatokea wapi. Gauss alikuwa kijana wa miaka 24. Kwa vipimo vile vichache vilivyoachwa na Piazzi alipiga hesabu ya njia yake, na mwisho wa mwaka huo huo kikaonekana tena, karibu na pale alipopasema.

Kwa hiyo, mwanangu, kila cheti cha maji nilichokitia saini kilisimama juu ya hesabu iliyotengenezwa na watu waliokuwa wakitafuta vitu vilivyopotea angani. Siyo kwa mfano. Ni hesabu ile ile, herufi kwa herufi.

Mashine yenyewe nayo ina ukoo huo. Mwaka 1859 kule Heidelberg, Ujerumani, wanasayansi Kirchhoff na Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mwanga wa rangi zake peke yake, na kwamba mistari myeusi iliyoonekana kwenye mwanga wa Jua ni rangi hizo hizo zikiwa zimenyonywa njiani. Hapo binadamu akaweza kusema Jua lina sodiamu bila kulifikia. Mwaka uliofuata waligeuza kifaa chao kutoka kwenye Jua wakakielekeza kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim, na humo wakakuta elementi ambayo hakuna aliyewahi kuijua, sizi (kwa Kiingereza caesium). Miaka tisini na kitu baadaye, Alan Walsh wa Australia, aliyekuwa akijua kazi zote mbili, ile ya kupima metali kwa mwanga unaotolewa na ile ya kupima mwanga unaonyonywa na molekuli, akatengeneza njia ya kupima madini kwa kuangalia mwanga unavyonyonywa na mvuke wake. Ndiyo iliyokuwa ikitupa sisi kiasi cha chuma, manganizi na ile metali iitwayo risasi kwenye maji.

Lakini mtu ninayetaka umfahamu vizuri ni Clair Patterson, Mmarekani. Yeye ndiye hasa aliyenifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi Chicago, alipewa kazi ya kutafuta umri wa Dunia. Urani, metali yenye mionzi, hugeuka polepole sana kuwa risasi, kwa mwendo unaojulikana. Ukijua risasi ilikuwa ya namna gani mwanzoni na ni ya namna gani sasa, unapata muda uliopita. Shida ni kuijua ile ya mwanzoni, maana miamba ya Dunia imechemka na kuchanganyika mara nyingi. Vimondo vya chuma vina urani kidogo mno, kwa hiyo risasi iliyomo haijabadilika tangu Jua na sayari zake vilipokuwa vinaundwa. Unakikumbuka kimondo cha Mbozi tulichokwenda kukiona ulipokuwa sekondari? Patterson alitumia cha aina hiyo, kilichoanguka Arizona.

Kazi ikamshinda miaka kadhaa, na kilichomshinda ni uchafu. Kila alipopima, risasi ilikuwa nyingi kuliko inavyowezekana. Ilikuwa kwenye vyombo vyake, kwenye kemikali, kwenye vumbi la chumba, kwenye nywele zake mwenyewe. Akahamia California, akajenga maabara ambayo hewa yake inachujwa na kila chombo kinaoshwa kwa asidi tena na tena. Mwaka 1953 akapata kipimo safi. Akaweka nukta za vimondo kwenye grafu, zikakaa kwenye mstari, na mwinamo wa mstari ule ndio uliotoa umri: miaka bilioni 4.55, ambayo aliichapisha mwaka 1956 pamoja na kiasi cha shaka chake, milioni 70 juu au chini. Hadi leo namba hiyo haijaondoka mahali pake.

Angeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshajibu swali lililowashinda wakubwa waliomtangulia. Yeye akarudi kwenye ule uchafu na kuuliza: risasi hii yote imetoka wapi? Akapima maji ya bahari, akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini, kinyume na ilivyotarajiwa kama ingekuwa ya tangu zamani. Yeye na wenzake wakachimba theluji ya kale ya Greenland, tabaka juu ya tabaka, wakaona risasi ikiongezeka kadiri viwanda vilivyoongezeka, na zaidi baada ya magari kuanza kutumia petroli yenye risasi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923. Mwaka 1965 akaandika wazi kwamba miili ya watu wa wakati wake ilikuwa na risasi takribani mara mia ya kiwango cha asili.

Hawakumpenda. Daktari aliyekuwa akitegemewa na wenye viwanda, Robert Kehoe, alikuwa amefundisha kwa miaka mingi kwamba risasi mwilini ni jambo la kawaida. Kumbe aliokuwa akiwalinganisha wote walikuwa tayari wamechafuka, wagonjwa na wazima, na vyombo vya kupimia vivyo hivyo. Hapo ndipo Patterson aliposhinda. Alikuwa na namba ya mahali ambapo hakuna uchafu kabisa, na aliipata kwa sababu alikuwa ametafuta umri wa vimondo. Mwaka 1971 baraza la wanasayansi la Marekani lilipounda jopo la kuchunguza risasi hewani, yeye, aliyeijua kuliko wote, hakuwekwa. Hakunyamaza. Marekani ilianza kupunguza risasi kwenye petroli miaka ya 1970 na kuipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Huku kwetu kusini mwa Sahara ilikoma kuanzia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021.

Wewe ulikuwa mtoto mdogo wakati magari ya Dodoma yanaacha kutoa moshi wa risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Nikiwaona watoto wanaocheza kando ya barabara pale Nkuhungu, namfikiria mtu huyo na mawe yake ya angani.

Sasa nisikilize vizuri. Maabara nyingi zilikutana na uchafu ule ule. Waliupunguza kwenye hesabu, wakaendelea na kazi zao, na hakuna aliyefanya kosa kwa mujibu wa somo lake. Patterson tofauti yake haikuwa somo. Ilikuwa ni namna alivyoitendea namba iliyokataa kukaa mahali pake, na kwamba alijali namba hiyo inamfanya nini mtu anayevuta hewa. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya afya ya mazingira waliokuwa wanajaza fomu kwa majibu ya mwezi uliopita. Jina la shahada halitakulinda na hilo. Kwa hiyo swali la nyota au maji, mimi naliona si lenyewe.

Ukiniuliza lipo wapi, nitakupeleka Makutupora. Mji wetu kwa miongo mingi umekunywa maji ya visima vya bonde lile, na kina cha maji chini ya ardhi kimekuwa kikipimwa na kuandikwa pale tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu ndefu hivyo ni chache sana katika nchi za joto. Watafiti walipozikusanya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013, ikaonekana kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama tulivyozoea kudhani. Hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, unayapandisha kwa ghafla. Hilo linabadilisha namna mji unaokua kwa kasi kama huu unavyopaswa kupanga. Na limejulikana kwa sababu kuna watu, ambao majina yao hayamo kwenye chapisho lolote, waliokwenda porini na utepe wa kupimia, wakaandika namba bila kuzipamba.

Kongwa hapo jirani ni ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kabla hawajaijua vizuri mvua wala udongo wake, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yamekwenda.

Na tangu 2002 kuna setilaiti zinazopima maji ya ardhini kutoka angani. Zilirushwa mbili, zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Ya mbele ikipita juu ya mahali penye uzito zaidi huvutwa kidogo, na vifaa vyake hugundua mabadiliko ya umbali kati yao hata yakiwa madogo kuliko unene wa unywele. Kutokana na mabadiliko hayo unapiga hesabu ya uzito wa maji ulioongezeka au kupungua chini. Hesabu hiyo ni ya njia za vitu vinavyozunguka, kazi ya Gauss kabisa, na ni karibu mno na utakayofundishwa. Ila setilaiti hizo huona eneo la mamia ya kilomita kwa mara moja. Bonde dogo kama Makutupora hazilioni. Anayejua hesabu ya juu na anayeshika utepe kule chini wanahitajiana, na huku kwetu wanaojua lugha ya wote wawili ni wachache mno. Ndiyo nafasi ninayokuona nayo.

Siwezi kukuahidi kwamba utafiti wako utamfikia mtu wa Bahi. Huenda usimfikie. Galaksi utakazozichambua zinastahili kujulikana hata kama hazimletei mtu ndoo moja, na usimwonee haya yeyote kwa kuzipenda. Tangu utotoni umekuwa ukizipenda, na mtu husoma kwa uvumilivu kile anachokipenda.

Masharti yangu ni mawili. Kwanza, ukifika, jifunze habari ya shaka ya vipimo kuliko kitu kingine chochote. Kila namba utakayoniletea iwe na kiasi cha shaka chake ubavuni, kama Patterson alivyofanya. Pili, kabla hujasafiri uje nyumbani wiki nzima. Nimezungumza na vijana wanaopima visima, wamekubali uandamane nao siku watakazokuwa zamu. Beba viatu vya kufunika na kofia, jua la huku unalijua. Waulize wanaandikaje, wanafanyaje utepe ukikwama, wanafanyaje pampu ikiwa imetoka kuzimwa. Chukua namba zao za simu na uzitunze.

Jibu la chuo lipeleke kesho, usingoje siku ya mwisho, mtandao una mambo yake. Nauli ya basi nitakutumia kwenye simu Ijumaa. Kuhusu chanjo ya homa ya manjano na hati ya kusafiria, niandikie umefikia wapi.

Nakuombea,
Mama yako